Geti la Mdomoni

Mwaka wa ishirini na nne huu nanyoosha nondo Buguruni.
Iliyopinda naijua kwa jicho moja.
Naibana kwenye jiriwa, naipiga,
ikikaidi naipasha moto mpaka iwe nyekundu kama ulimi,
inanyooka.
Sijawahi kuiuliza inaumia kiasi gani.

Siku hiyo nililala chali mimi, Upanga, ghorofa ya pili,
taa usoni, karatasi kifuani kama mtoto wa chekechea,
"Tanua, fundi. Tanua zaidi,"
na Daktari Atuganile, ambaye nyundo yangu ni kubwa yake kwa umri,
akabandika vijichuma jino kwa jino:
gundi, mwanga wa buluu,
gundi, mwanga wa buluu.
Nikacheka moyoni: kumbe huyu naye anachomelea,
ila kazi yake haina cheche.

Kisha akapitisha waya.
Mwembamba! Wa hivyo mimi nafungia banda la kuku.
"Huu ndio utakaoyanyoosha haya?"
"Huu," akasema, "na miezi ishirini."

Nimeyaficha tangu darasa la tatu.
Machonge yamewapandia wenzao mabegani
kama watoto wanaotazama mechi juu ya ukuta,
mawili ya mbele yametoka nje kuchungulia.
Nikajifunza kucheka kwa kiganja.
Kwenye picha ya harusi yangu
nimekaza midomo kama mdaiwa aliyeitwa kwa mjumbe.
Nadhani ndiyo sababu niliupenda ufundi huu:
kazi gani nyingine ingenipa uso wa chuma
niuvae mchana kutwa
na mtu asiniulize kitu?

Msaidizi akaleta viraba. "Chagua rangi, baba."
Nyekundu, nimeshajitangaza Msimbazi.
Kijani, Jangwani watanipigia makofi
na nyumbani kwangu nitalala njaa.
Nikataka kijivu,
rangi ya nondo ambayo haijaonja brashi.

Siku nne nilikunywa uji kama mzazi.
Mishkaki ya Kibwana niliila kwa pua.
Na usiku meno yanatembea, wallahi, nayasikia,
kama wapangaji wanaohamisha kabati gizani
wasimwamshe mwenye nyumba.
Waya ukanichoma shavu, nikaubandika nta.
Binti yangu Sikudhani akaniangalia weee, akasema,
"Baba, umejiwekea grili."
Vijana wa karakana nao wamenibatiza: Fundi Geti.
Sawa.
Samaki mkunje angali mbichi, husema watu.
Mimi ng'onda wa miaka arobaini na sita,
na tazama, nakunjika.

Aliyekataa kucheka ni mama.
Alinishika kidevu, Magomeni, mlangoni kwake,
akanigeuza kwenye mwanga kama noti anayoitilia shaka.
"Na mwanya wangu je?"

Kweli.
Katikati ya fujo yote ile ulikuwepo,
upenyo mmoja tu uliokaa mahali pake,
wa kwake yeye Mwajabu, wa mama yake kabla yake,
ambao marehemu baba alikuwa akisema
alipotelea humo, akakosa njia ya kurudi kwao.
Nikapitisha ulimi. Ulikuwa umeanza kubana.

Mwezi ulipotimia nikarudi Upanga kukazwa.
Mdomo wazi, maneno yakiteleza kwenye mate, nikamwambia,
"Nyoosha yote. Pale katikati usifunge."
Akaniambia waya haujui mambo ya ukoo, unavuta tu.
Akaniambia wapo wanaomlipa ili auzibe.
Nikamwambia, dada,
hata geti zuri sishushi mpaka sakafuni.
Chini naacha vidole viwili,
masika ikija, maji yapite.

Akanitazama juu ya barakoa yake.
Hakusema ndiyo, hakusema hapana.
Akachukua koleo.
"Tanua," akasema.