Juzuu ya Kumi na Saba

Shaame kaja na diski mbili mfukoni,
nyembamba kama biskuti, hazina sauti.
Kazinunua Darajani kwa pesa ya karafuu,
zikavuka na boti mpaka Wete ndani ya soksi.
"Mjomba, usizitumie moja moja.
Tuziunganishe. Kila faili tulikate vipande,
kimoja huku, kimoja kule, kimoja huku.
Zitasoma pamoja. Mwendo mara mbili."

Nilielewa upesi kuliko alivyotaka.
Ndivyo tulivyomsomea baba khitma:
juzuu thelathini, wasomaji thelathini,
chai haijaiva, Msahafu umekwisha.
Ila Mkubwa Haji alisinzia
na juzuu ya kumi na saba mapajani.
Ishirini na tisa zikakaa zikiingoja moja.
Yeye tulimwamsha. Diski haiamshwi.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka.
Hii hawakuijua, ambayo moja ikiponyoka
ile iliyobaki mkononi nayo ni takataka:
nusu ya kila uso,
nusu ya kila kigelegele.

Diski yangu ya zamani ilikuwa na adabu ya mgonjwa,
ilikohoa wiki nzima kabla ya kufa,
nikapata muda wa kuhamisha.
Hizi hazikohoi. Unazima nzima, unawasha, hakuna.
Na umeme wa hapa mnaujua wenyewe.

Nami humo ndani nimeweka harusi mia na kumi na mbili,
za Mtambwe, za Gando, za Kojani.
Imo ya Time binti Faki:
dakika ya nane mama yake anacheka
mdomo kauziba kwa ushungi.
Hakuna picha nyingine anayocheka, na sasa hayupo.
Kila Mfunguo Mosi Time huja nimrushie tena,
kwani simu zake hazidumu.

"Basi tujaribu. Usiku mmoja, kwa nakala."
Nikashika saa ya simu kama refa.
Kufungua harusi moja, zamani: sekunde arubaini na moja.
Sasa: thelathini na nane.
Kuhamisha mafaili makubwa, hapo sikatai, zilikimbia,
Shaame akapiga makofi peke yake.
Lakini mimi huhamisha mara moja kwa wiki.
Siku nyingine zote nakaa nachagua
kipi kikatwe, nani abaki,
na katika kuchagua hakuna diski ya kukuharakisha.

Tukazitenganisha.
Moja ya mfumo, moja ya kazi,
na ya tatu, kubwa, nzito, ya bei ya chini,
inakaa Limbani kabatini kwa dada Bikombo,
ndani ya ile ile soksi.
"Unaogopa, mjomba."
Naogopa, ndiyo.

Ila jana usiku, mteja yuko mlangoni,
nikiungoja mstari wa buluu ufike mwisho,
nilizikumbuka zile sekunde tatu.