Mzigo wa Saa Tisa

Zamu ya usiku ni yangu, chumba cha udhibiti, Ibra.
Nje ni saa tano na joto halijashuka;
ndani, skrini kumi na mbili na chai ya tangawizi
ya mkono wa bibi yangu, aliyekuja na lugha hii kutoka Pemba
pamoja na mbuzi ya nazi na pasipoti iliyochakaa.

Kila nyumba ina jicho ukutani.
Mita haisemi, inahesabu. Kila robo saa
inaleta habari: friji imeamka,
kiyoyozi kimeshusha pumzi,
pampu ya kisima imevuta, imeacha.
Vitu vinanong'onezana na vitu,
nami ni mdukuzi mwenye kitambulisho shingoni.

Mwezi wa sita, Mhandisi Yaarub alichora mlima ubaoni.
Hiki kilele: alasiri, kila mtu kawasha.
Hili bonde: usiku wa manane, mitambo inapiga miayo.
"Tuhamishe mzigo," akasema. "Tuutoe juu, tuushushe huku."
Ujumbe niliuandika mimi:
*Mpendwa mteja, fua na upige pasi
baada ya saa sita usiku. Bei ni nusu.*
Ukaingia simu elfu tisa kwa mlio mmoja.
Mlima ukainama.
Tulikula halwa ofisini.

Ila kuna nyumba moja, mtaa wa Yahmadi,
ina mstari unaonikera.
Saa saba, mashine ya kufulia. Saa nane, mashine tena.
Saa tisa ni meno ya msumeno, juu, chini, juu:
pasi, inayojizima na kujiwasha
kama mtu anayesinzia akashtuka.
Saa kumi, maji ya moto ya wenye kutawadha.
Saa kumi na moja, birika.
Nikatafuta pengo la mtu kulala.
Nikavuta siku ya jana, na juzi, na mtondo wake nyuma.
Sikuliona.

Nikaisingizia mita. "Waya umelegea," nikamwambia Bi Raya,
naye akanipisha, akarudi kwenye simu yake.
Nilikuwa nahesabu nyaya kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani,
tatu, nne, tano...
"Sita," akamalizia mtu nyuma yangu.

Mwanjaa, mtu wa Mkinga. Ameshika bilauri ya maji,
na kwenye kiganja kovu la pembe tatu, bado jekundu.
"Zamani nikilala saa nne," akasema, bila kuulizwa.
"Siku hizi mama kapata ujumbe. Umeme wa usiku rahisi."
Akacheka, si sana.
"Rahisi kweli, dada.
Huyo aliyeuandika, kwake anafua nani?"

Nikaikaza skrubu ambayo sikuwa nimeilegeza.
Maji nikayanywa yote, nikakosa la kurudisha
isipokuwa bilauri.

Kwenye grafu zetu mzigo una saa, una bei, una rangi.
Bega hauna.

Usiku ule nikaandika tena, kwa nyumba moja tu:
*Mpendwa mteja, mita yako ina hitilafu.
Kwa siku saba, usitumie pasi wala mashine
kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri. Wasaalamu.*
Uongo mtupu, wenye nembo ya shirika juu yake.

Kesho yake alasiri mlima ukaota jino, dogo, jipya.
Yaarub akalisogelea na miwani. "Hiki nini?"
"Kelele za vipimo," nikasema. "Zitapita."

Na sasa ni saa tisa.
Elfu tisa zinapumua, mawimbi yanapanda na kushuka,
na mstari wa Yahmadi umejinyoosha chini,
umelala kifudifudi, hautikisiki.
Nausogeza uso wangu karibu na kioo.
Chai imepoa.
Siku ya nane sijui nitaandika nini.