Shati la Mheshimiwa

Liliniletewa jioni, limeviringwa kwenye gazeti.
Dereva wake kalitupa juu ya meza:
"Fundi, lishone, lakini lisipone.
Jumapili atalivaa tena mkutanoni,
watu wauone mpasuko."

Mimi fundi wa Utaani, hapa hapa Wete,
miaka thelathini na moja kwenye kiti hiki.
Nimekata kanzu za harusi, nimekata sanda,
na siulizi. Nguo haina siri kwa fundi:
hunambia yenyewe nani kanenepa,
nani kagombana na mkewe,
mfuko upi umezoea noti
na upi umezoea mkono mtupu.

Redio siku ile ilikuwa jina lake tu.
Kavamiwa Bopwe, watu sita wasiojulikana,
kaokolewa na Mungu, na walinzi,
na mpiga picha, ambaye kwa bahati
alikuwa macho saa nane za usiku
na betri imejaa.

Nikalikunjua chini ya taa.
Kitambaa kikichanika hulia.
Huacha nyuzi ndefu, hufuata udhaifu wake,
huenda upande, hukwama penye pindo,
hung'oa kifungo na nyama yake.
Huu ulikuwa mnyoofu kama barabara ya ahadi.
Ulianza begani, ukashuka kifuani,
ulipoufikia mfuko ukauzunguka kwa adabu.
Mkasi. Tena mkasi butu:
pale katikati pana vijino vitatu,
mahali mkono ulipopumzika ukaanza tena.
Damu ipo, upande wa nje.
Ndani, panapogusa ngozi ya mtu,
kweupe.

Nikamwita Shaame, mwanafunzi wangu.
Alicheka mpaka akajifuta macho kwa utepe wa kupimia.
Barazani walikwisha kucheka kabla yetu,
wala shati hawakulihitaji.
"Uchaguzi ukikaribia," alisema Mjaka wa duka la dawa,
"huyu hushikwa na watu kama wengine wanavyoshikwa na homa."
Bi Mgeni, na sinia lake la mkate, akauliza
alivamiwa kabla ya chai au baada.
Wakakumbushana tawi lililoungua mwaka juzi,
viti vyote vikiwa vimehama siku moja kabla.
"Viti vina akili kuliko sisi," kasema mtu,
na baraza zima likaanguka.

Nami nilicheka. Uongo haufai.
Kisha nikafungua mtoto wa meza, natafuta uzi mweupe,
mkono ukagusa kile ninachokiweka chini kabisa:
fulana ya ndugu yangu Faki, ya mwaka ule.
Haishoneki. Nyuzi zake zimekwenda kila upande,
na damu yake ilianzia ndani
ikatafuta njia ya kutokea.
Tulipoipeleka kwa wakubwa, mmoja aliigeuza,
akaitazama kama mimi ninavyolitazama hili,
akasema, "Nyinyi watu wa huku mnajua kuigiza."

Shaame aliacha kucheka. Hakuuliza.

Nikalishona. Sindano haina kadi ya chama.
Nikaupitisha uzi kwa ndani, usionekane,
kuuzuia mpasuko usizidi kuliko alivyoupenda.
Elfu tatu yangu, mpaka leo, dereva anaileta.

Jumapili kapanda jukwaani,
kalishika shati kwa vidole viwili, kama mtu ashikaye jeraha.
Waliopiga makofi walipiga.
Wengine tulisukumana kwa viwiko, midomo tumeibana.
Nilikuwa nyuma kabisa, karibu na spika,
na sikuwa nikimuwaza yeye.
Niliwaza usiku mmoja, haujafika bado,
mtoto wa watu anatoka mbio Bopwe,
nguo inamning'inia, pumzi hana,
anaanguka hapa barazani petu,
na sisi, kabla ya kumpa maji,
tunamuuliza:
"Na mpiga picha yuko wapi?"