Mkilua wa Kiwandani

Kiwanda nisemacho si cha mashine na moshi:
ni ua wetu wa ndani, hapa Mkomani,
hatua tisa kwa saba, na kipande cha mbingu juu yake.
Jua huingia saa nne, huaga saa nane.
Hapo ndipo nilipompandia Mwanaate mkilua.

Mche nilipewa Matondoni na Bi Tima wa Fumo,
ndani ya kopo la maziwa lenye kutu,
majani matano, moja limetobolewa na mdudu.
"Usiuhamishe mara mbili," aliniusia.
"Mkilua si mpangaji."
Binti yangu alikuwa kidato cha pili.
Nikapiga hesabu: siku akiolewa,
vikuba vyake vitatoka hapa, si sokoni.

Nikachimba. Sururu ikatoa cheche.
Chini ya shibiri mbili ni tumbawe tupu,
na chokaa ya mababu waliojenga
kana kwamba hatazaliwa mtu wa kutaka kivuli.
Punda wawili wa Shee Mbwarahaji wakaleta udongo mwekundu
uliovushwa kutoka Mokowe,
kila gunia na bei yake, kila punda na maringo yake;
mmoja akaufyeka mrehani wa jirani kichochoroni.
Nikalipa na huo.

Samadi nikaichanganya na makumbi yaliyooza,
na majivu kiganja kimoja. Baadaye nikaambiwa
majivu na chokaa ni ndugu:
nimemwongeza mgonjwa homa.
Majani yakawa manjano, mishipa ikabaki kijani,
ramani ya mji wenye njia bila nyumba.
Maji ya kisima yana chumvi,
ulimi huyavumilia, mzizi huyakataa,
basi nikawa nauibia ndoo ya birika la mvua kila alfajiri,
na mke wangu dirishani, kimya,
akihesabu.

Mwaka wa pili, vidugamba.
Nikauosha mche kwa sabuni ya mche,
jani moja moja, kwa kitambaa cha kanzu kuukuu.
Mwaka wa tatu nikaukata kichwa.
Siku ishirini ulisimama hivyo, kijiti kilichonuna,
kisha kando ya jeraha
yakachomoza macho mawili.

Harusi haikungoja.
Bwana ni mtu wa Shela ya Malindi, mpole, fundi wa jokofu.
Vikuba tulinunua.
Mti ukafungwa taa za rangi,
na ami yake bwana harusi, kwa joto, akautundikia koti,
tawi likalia *ka*.
Nilicheka na wageni.
Usiku nikalifunga kwa uzi wa kushonea kofia.

Mwezi na siku kumi baadaye mlango ukagongwa.
Maalim Bausi, wa ukuta wa pili,
ambaye hatukusemezana tangu ugomvi wa kopwe la maji machafu.
Akasimama dakani, kichwa upande.
"Kwenu," akasema, "kuna kitu kinanukia."
Mimi mwenye mti sikuwa nimesikia.
Tukainama wote wawili, wazee na magoti yetu:
ua dogo, kijani cha ngozi ya mjusi,
limejificha chini ya jani kama lina deni.

Matatu niliyapata. Nikayafunga jani la mgomba,
nikayatia kopo la aiskrimu,
nikamkabidhi utingo wa basi la Malindi.
Jioni simu ikalia.
"Baba, yamefika meusi."
Nikakaa kimya.
"Nimeyatia chini ya mto. Bwana amerudi kazini,
ameuliza nani kaja kutoka kwetu."

Leo nimelichubua tawi la chini, lile la koti,
nimelilaza udongoni, jiwe juu yake.
Likishika mizizi litakwenda Malindi, safari moja tu.
Kopo la Bi Tima ninalo bado.
Kutu imelitoboa kitako.
Afadhali. Maji yatapata pa kutokea.