Jani la Mpakani

Huku Kidia kila mtu ana kipande chake cha mlima.
Changu huonekana kwenye pengo la migomba,
kati ya banda la ng'ombe na choo:
Kibo, alfajiri, kabla mawingu hayajaingia kazini.
Nilikiita ushahidi.
Ibada ya kwanza, mimi mzee wa kanisa,
tai shingoni, kikapu cha sadaka mkononi,
nilisema: Tazameni theluji, nani asiyemwona Mungu?
Watu wakaitikia, maana ni kweli.
Mkahawa ukichanua humtukuza bila kufundishwa.
Mfongo ukishuka kutoka msituni hauulizi shamba la nani,
humtukuza kwa kunywesha tu.
Bibi yetu alikuwa na jina moja la jua na la Mungu,
Ruwa,
na kila mawio alishukuru kama mtu aliyelipwa deni.

Lakini mimi nilikuwa na masale matatu moyoni.

Mwaka tuliomzika baba, kabla matanga hayajaanuliwa,
nilitoka usiku na jembe,
nikang'oa masale matatu ya mpaka,
nikayapanda hatua nne ndani ya kihamba cha Elingaya, kaka yangu.
Hatua nne. Migomba saba na mkahawa mmoja usiozaa.
Kulipokucha Kibo ilikuwa wazi, nyeupe kama shuka la msiba.
Iliona. Haikusema.
Hapo nikajua, ingawa sikukiri,
kwamba mlima waweza kumtangaza Mungu siku nzima
na usiweze kunisamehe hata dakika moja.

Miaka tisa hatukuamkiana.
Meza ya Bwana tuliikaribia kwa zamu tofauti.

Jumanne moja ya Juni, wingu limelala juu ya bati,
hakuna mlima, hakuna jua, ukungu mtupu na harufu ya samadi,
nilikuwa nakamua.
Nikasikia viatu vya mpira kwenye tope.
Elingaya. Mkononi jani la sale, limepigwa fundo.

Ninyi mliozaliwa mjini pengine hamjui.
Kwetu aliyekosa ndiye hubeba sale,
na aliyekosewa akiliona hana ruhusa ya kukataa.
Ndivyo tulivyokuta.
Nikamwambia: Kaka, umegeuza. Jani hili ni langu kulileta.
Akasema: Najua.
Kisha, baada ya kupumua, maana kilima kile kinamchosha:
Nimesubiri miaka tisa. Usingelileta.

Msalaba nimeufundisha watoto wa kipaimara,
nimeufuta vumbi madhabahuni.
Siku ile niliuona umevaa viatu vya mpira.

Kuumba, alitoa neno.
Kukomboa, alitoa Neno.
Theluji alisema tu, ikawa.
Mimi sikuweza kuwa kwa kusemwa tu.
Aliyepima milima kwa mizani
alinipima na mimi, akaniona nimepungua,
akajiweka mwenyewe upande wangu wa kipimo.
Utukufu gani mwingine mnautafuta kileleni?

Wala siudharau mlima.
Sale lenyewe aliliotesha nani?
Jani lile lile la kutenga changu na chako
ndilo alilolifanya la kupatanisha,
kana kwamba siku ya tatu, akiamuru majani yaote,
alikwisha kuuona usiku ule, na jembe langu.

Nilinyoosha mkono kulipokea, umelowa maziwa.
Ng'ombe akawahi. Akang'ata nusu ya jani,
akalitafuna polepole, macho nusu yamefumba,
kama aliyetoka mezani pa Bwana.
Elingaya alicheka mpaka akashika nguzo ya banda.
Nami nikacheka, kisha si kucheka tena.

Wingu halikufunguka siku ile.
Kutoka Kidia hadi stendi ya Moshi
hakuna aliyeuona mlima.