Zamu ya Bi Mwanamkuu

Ushirika wetu wa Mtopanga hufunguliwa Jumamosi
kwenye gereji aliyotuazima fundi Chengo.
Harufu ya grisi haijatoka bado,
ila leo imezidiwa na mrehani.

Mchunga wa Kadzo umefungwa kwa ukindu,
majani yamejaa matundu.
"Hayo ndiyo cheti chetu," asema.
"Asipokula mdudu, nawe usile."

Nachukua mafungu mawili, mbaazi mbichi,
boga lenye udongo wa Kikambala mgongoni.
Kisha naona nani yuko kwenye mizani.

Miezi minne hatujasalimiana, mimi naye,
kwa sababu ya maji ya karo
yaliyopita ukutani kwangu,
au kwake, kila mtu na lake.
Ratiba iko ubaoni, ningeisoma mapema:
leo zamu yake.
Wiki ijayo, yangu.

Napanga foleni. Nitakwenda wapi?
Nyanya za supamaketi zang'aa kama ndara mpya,
na ladha ni hiyo hiyo.

Jiwe la kilo huku, boga kule.
Angoja mpaka mizani itulie kabisa.
Hanipunji hata punje.
Aandika daftarini jina langu lote, la baba na la babu,
kwa mwandiko wa chuoni:
shilingi mia mbili na themanini.

Halafu, bila kuinua macho,
atia ndimu moja kikapuni.

Nyongeza ya kila mtu, au yangu?
Sikugeuka kutazama kikapu cha aliyenifuata.
Nimeinusa njia nzima mpaka mlangoni,
mlango wangu,
unaotazamana na wake.