Chumba Namba Kumi na Nne

Miaka kumi na tisa, pale Raskazone,
nilitandika vitanda kumi na tatu kila siku ya Mungu,
ghorofa ya pili, upande unaotazama bahari.
Ukiniuliza bahari ilikuwaje, sijui.
Mimi nilikuwa natazama mikunjo.

Msimamizi wetu, Bi Shufaa, alikuwa na sarafu yake moja,
akiirusha juu ya shuka.
Ikidunda, umepona.
Ikilala, unaanza upya, na mgeni yuko ngazini.
Usiimbe, usijinyooshe, usikae.
Hasa usikae.
Godoro halisahau makalio ya mtu, alisema,
litakushitaki.

Hoteli ilipofungwa walitupa barua
na boksi la sabuni ndogondogo.
Nikarudi Makorora na mgongo wangu.

Nilianza na mito.
Kaka yangu Mhina aliniletea sufi kutoka Muheza,
gunia kubwa, jepesi kama ahadi.
Siku nne nachambua mbegu, napiga chafya,
jirani ananiletea tangawizi.

Mashuka niliyapata Tangamano, chini kabisa ya rundo la mitumba:
meupe, mazito, pamba isiyo na mchezo.
Pembeni yamedariziwa jina la hoteli ya nchi nisiyoijua.
Nikalifumua kwa wembe, uzi kwa uzi.
Herufi zimetoka, matundu yake yamebaki;
ukipitisha kidole gizani
utalisoma.

Nikayatia kanji. Nikayapiga pasi ya mkaa,
nikiichunga kila cheche kama mtoto wa watu.

Kitanda ni kile kile, cha mninga, cha harusi yetu,
chenye mguu mmoja unaolalamika.
Nikaukatia kipande cha kandambili, ukanyamaza.
Pembe nikazikunja bahasha.
Nikarusha sarafu. Ikadunda.
Nikairusha tena,
basi tu, kwa raha zangu.

Taulo nikalikunja bata.
Mjukuu wangu Mwanakombo akalizunguka:
“Bibi, miguu yake iko wapi?”
“Kaikalia.”
Kule, miaka yote, hakuna mgeni aliyewahi kuuliza.

Wenzetu huweka chokoleti juu ya mto.
Mimi niliweka kashata mbili.
Sisimizi walifika kabla ya mume wangu.

Mbaruku alirudi kiwandani na saruji kwenye kope,
akasimama mlangoni, viatu mkononi.
“Hiki cha nani?”
“Cha wageni.”
“Wanafika lini?”
“Wameshafika. Kaoge.”

Akaoga mara mbili.
Akakaa ukingoni kama aliyekuja kumjulia mtu hali.
“Usiku mmoja ilikuwa bei gani?”
Nikamwambia.
Nikamwambia pia ni mishahara yangu mingapi.
Hakucheka. Alilala chali taratibu,
mikono kifuani, asije akavunja kitu.

Nikaingia na mimi.
Kumbe chini ya shuka kuna ubaridi,
kama sakafu ya msikiti mchana wa jua.
Mikono yangu haikujua pa kukaa.
Miaka yote hiyo
iliujua upande wa juu tu.

Sikusikia adhana. Sikumsikia jogoo wa kina Zahoro.
Nilipofumbua macho jua liko dirishani,
na Mbaruku ananivutia shuka pembeni,
“Hebu sogea, mama,”
ulimi nje, kama mtoto anayejifunza kuandika.
Nikashuka, nikasimama ukutani, nikamtazama akitandika.

Pembe ya kushoto imepinda.
Mdomo wa foronya unatazama mlango, kosa kubwa hilo.
Katikati kuna bonde la kulisha mbuzi.
Sarafu ya Bi Shufaa ingezama humo, tusiione tena.

“Vipi?” akauliza.

Mkono ulinitoka wenyewe kwenda kunyoosha.
Nikaurudisha.

Nikakaa.